Inategemea Umeangukia Wapi

Wasee, moyo wako ukisimama leo, kitu ya kwanza inaamua kama utaamka si daktari. Ni mahali umeangukia.

Turudi 1955. Eisenhower, rais wa Marekani, alishikwa na moyo akiwa Denver. Mwanzoni ikadhaniwa ni tumbo tu. Akalazwa wiki saba hivi. Rais mzima! Tiba kubwa ya enzi hiyo ilikuwa kulala kitandani na kungoja.

Halafu kukatokea Frank Pantridge, daktari wa Belfast aliyekuwa mateka wa Wajapani wakati wa Vita vya Pili. Huyu aliona kitu rahisi: wengi wanakufa saa ya kwanza, kabla hata waone geti ya hospitali. Mshipa unaolisha moyo ukiziba, moyo unaweza kuacha kudunda ubaki unatetemeka tu, na hapo unahitaji kushtuliwa na stima ndani ya dakika chache. Kwa hivyo 1966 akapakia mashine kwa ambulensi, imfuate mgonjwa. Ilikuwa na kilo 70 hivi na ilitumia betri za gari, manze. Uingereza yenyewe ilikawia kumwiga.

Marekani ndio walidaka. Kule Seattle, daktari Leonard Cobb na wazima moto walianzisha Medic One 1970. Lakini kilichonibamba ni cha 1972: walianza kufunza raia wa kawaida kufinya kifua. Yaani dereva, karani, mama mboga wa huko.

Utafiti wa 2008 ulilinganisha watu ambao moyo ulisimama nje ya hospitali na wahudumu wa ambulensi wakajaribu kuwaokoa. Alabama, asilimia 3 walipona. Seattle, 16.3. Nchi ni moja, vitabu vya udaktari ni vile vile. Na msiniambie ni pesa, kwa sababu New York, mapema miaka ya 90, na hospitali zake zote, ilipata 1.4. Jamu, halafu ghorofa za kupanda.

Kwetu, mashine nyingi za kufungua mishipa ziko Nairobi. Ocha ambulensi ni Probox ya jirani, kama iko na mafuta.

Guka alishika kifua usiku, tukasema ni asidi, akapewa maziwa. Alipoanguka hakuna mtu kwa boma alijua kufinya kifua. Na mimi ndio nilikuwa nimefika campo.