Umeme wa Jua: Maneno ya Watu na Asili Yake

Ninyi mnaosoma maneno haya katika kijitabu, someni polepole; neno gumu nitalieleza pale pale linapotokea.

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za kitu ambacho huenda kipo juu ya paa lako, au juu ya paa la jirani yako. Kitu hicho ni paneli, yaani lile bamba lenye kioo linalogeuza nuru ya jua kuwa umeme. Watu husema mengi juu yake. Husema linataka joto kali. Husema ni kitu cha matajiri. Husema halidumu: mwaka wa kwanza taa zinawaka, mwaka wa pili ni giza.

Maneno haya si upuuzi mtupu. Kila moja lilikuwa kweli kwa mtambo fulani, mahali fulani, wakati fulani. Mtambo ukabadilika, neno likabaki. Na neno kama hilo hula fedha za watu. Mtu anauza mbuzi wawili anunue paneli mpya, kumbe ile ya zamani ni nzima, na kilichokufa ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na habari ya joto. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, nchini Misri, Mmarekani mmoja aitwaye Frank Shuman alionyesha mtambo wa kuvuta maji kwa nguvu za jua. Alikuwa amejenga mifereji mitano ya vioo, kila mmoja mrefu kama mita 62. Vioo vilikusanya mionzi ya jua juu ya chombo cha maji, maji yakachemka, mvuke ukaendesha mashine, na mashine ikavuta maji ya Mto Nili kwenda kumwagilia mashamba. Watu walishangaa, na haki yao. Lakini mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ikazuka, na kazi ile ikafa.

Mtambo wa Maadi ulitaka joto kweli kweli, maana bila joto hakuna mvuke. Paneli ya nyumbani haina mvuke wala maji. Ni ya ukoo mwingine, na ukoo huo ulianza Ufaransa mwaka 1839. Kijana wa miaka 19, Edmond Becquerel, aliona kwamba nuru ikiangukia vipande vya madini vilivyotumbukizwa katika maji ya asidi, umeme kidogo hupita. Angalia neno nililotumia: nuru. Sikusema joto. Mwaka 1883 Mmarekani Charles Fritts akatengeneza vipande vikavu vya kufanya kazi hiyo, lakini viligeuza kama sehemu 1 tu katika 100 za nguvu ya nuru. Kisha, tarehe 25 Aprili 1954, wataalamu watatu wa maabara ya Bell huko Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, wakaonyesha kipande cha silikoni kilichogeuza kama sehemu 6 katika 100. Silikoni hupatikana katika mchanga. Paneli nyingi za leo ni watoto wa kipande kile.

Basi je, joto halisaidii hata kidogo? Halisaidii, linadhuru. Kiwanda hupima paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selisiasi. Zaidi ya hapo, kila nyuzi moja ikiongezeka, paneli ya silikoni hupoteza karibu sehemu 0.4 katika 100 za nguvu yake. Paneli iliyolazwa juu ya bati lenye moto ikafika nyuzi 65 imeongeza nyuzi 40, kwa hiyo imepoteza kama sehemu 16 katika 100. Ndiyo maana fundi mwenye akili huacha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati. Siku ya mawingu paneli hufanya kazi, ila kidogo. Mawingu mazito huweza kuishusha chini ya robo ya nguvu yake. Na wale wanaosema hata mwezi mpevu hujaza betri, wajue kwamba nuru ya mwezi huo ni dhaifu kuliko ya jua kama mara 400,000. Usiusubiri.

Jambo la pili, utajiri. Neno hili lilikuwa kweli tupu. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Mwaka 1956 Chapin yule yule alipiga hesabu, akaona kila wati moja ya umeme wa jua ingegharimu dola 286. Nyumba ya Marekani iliyohitaji wati 5,000 ingemtaka mwenyewe alipe dola 1,430,000. Nani angenunua? Walionunua walikuwa watu wa vyombo vya angani. Leo paneli hupatikana kwa chini ya dola 1 kwa wati.

Chombo kimoja cha angani kinatufaa sana katika somo hili. Tarehe 17 Machi 1958 Wamarekani walirusha setilaiti ndogo iitwayo Vanguard 1, yenye uzito wa kama kilo moja na nusu. Ilikuwa na mitambo miwili ya kutangaza: mmoja uliendeshwa na betri, wa pili na vipande vya silikoni. Ule wa betri ulinyamaza mwezi Juni mwaka ule ule. Ule wa jua uliendelea kutangaza mpaka Mei 1964. Shika sana habari hiyo, kwa sababu jambo la tatu limo ndani yake.

Jambo la tatu ni kwamba umeme wa jua haudumu. Hapa turudi kwetu Afrika Mashariki, chini ya Mlima Kenya. Katika miaka ya 1980 shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi ilitaka mwanga, na waya za serikali zilikuwa mbali. Wengi walifikiria jenereta ya mafuta. Mwalimu Mmarekani aliyefundisha pale, Mark Hankins, alishirikiana na mhandisi Harold Burris, na mwaka 1984 madarasa yakawashwa kwa jua. Walimu na wazazi wakaona kwa macho yao, mafundi wa pale pale wakafundishwa kazi, na biashara ikaenea katika vijiji vya wakulima wa kahawa na chai. Sifa kubwa nawapa wale mafundi wa vijijini, maana ndio waliopanda juu ya mapaa.

Lakini paneli haihifadhi umeme. Inayohifadhi ni betri, na betri iliyopatikana madukani ilikuwa ya gari. Betri ya gari hutengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa nukta chache, injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Ukiinyonya polepole usiku kucha mpaka ikauke, na ukarudia kila siku, mabamba yake ya risasi huharibika. Ili kuzuia hayo, huwekwa kijisanduku kiitwacho kidhibiti, kinachokata umeme kabla betri haijaisha. Watu wengi hawakukinunua. Wengine walikuwa nacho, lakini kilipokata umeme katikati ya habari za televisheni, walikiruka kwa waya! Betri ikafa, na mwenye nyumba akailaumu paneli. Ni habari ile ile ya Vanguard.

Hata hivyo si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Mwaka 1999 wachunguzi walipima paneli zilizouzwa Kenya, wakakuta baadhi ya aina hazitoi nguvu iliyoandikwa nyuma yake. Mkulima hana chombo cha kupimia. Anasoma namba na kuamini. Kwa hiyo kujua kusoma namba hakutoshi. Muulize muuzaji akupe dhamana kwa maandishi, ikiwa na jina la duka na tarehe. Tangu mwaka 2012 zimeenea pia taa za jua zinazolipwa kidogo kidogo kwa simu. Hizo huja na betri na kidhibiti chake, lakini kabla ya kutia sahihi, jumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho.

Na ukague miti. Vipande vya paneli vimeungwa mfano wa watu wanaopokezana ndoo za maji katika mstari mmoja. Mmoja akisinzia, wote huchelewa. Kivuli cha tawi moja la mwembe huweza kupunguza nguvu nyingi.

Sasa, kiongozi wa kikundi, andika ubaoni. Paneli ni ya wati 50, na leo imepata muda wa saa 5 za jua zuri: 50 mara 5 ni wati-saa 250. Usiku huu nyumba itawasha taa 3 za wati 5 kwa muda wa saa 4, redio ya wati 5 kwa muda wa saa 6, na televisheni ya wati 30 kwa muda wa saa 4. Tena majirani 8 wameleta simu zao, na kila simu inakula kama wati-saa 10. Jumlisheni. Je, betri itapewa leo umeme unaotosha matumizi hayo? Kama hautoshi, mtazima nini, na nani atakayewaambia majirani?