Nyara, ngawira na kabuti

Ukimuuliza mtu wa Kikoneni, huku Kwale, maana ya nyara, huenda kwanza akakutajia mtu aliyetekwa. Taarifa za habari zimetuzoesha hivyo: fulani katekwa nyara. Lakini nyara ni hata mali iliyonyakuliwa vitani. Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga, sheria ya Tanzania inaita pembe za ndovu na ngozi za chui nyara za serikali, japo hapakupiganwa vita vyovyote. Ngawira nayo ni mali ya kuteka; siku hizi wengi huitamka kwa mzaha, wakimaanisha pesa tu.

Sasa, askari wa Keya, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma vita vilipokwisha 1945, vitu vyao tuviiteje? Kuna waliorudi na kabuti, lile koti zito la jeshi, refu kupita magoti, lenye vifungo vya shaba. Kwa joto la Kwale, kulivaa mchana ni adhabu. Labda usiku, mtu akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Nyara? Hasha, askari huyo hakumpokonya mtu. Hata nishani ya Burma Star alipewa. Mimi naviita kumbukumbu za vita, na mhariri akibadilisha nitateta.