Hamsta wa Bethesda na ugomvi wa chumvi

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 70 tangu Paul Keyes na mwenzake Gold wachapishe nchini Marekani njia ya kukadiria mfupa wa taya unaoliwa na ugonjwa wa fizi katika hamsta wa Syria. Si kumbukumbu ya kupigiwa ngoma, lakini kila anayetibiwa ugonjwa wa fizi leo ana deni kwa wanyama wale.

Fizi ikivimba na kutoa damu, kila mtu huona. Mfupa unaoshikilia jino huisha chinichini, bila maumivu, mpaka jino lianze kucheza. Maabara hazina subira hiyo. Mnyama huuawa, taya husafishwa hadi ubaki mfupa mtupu, na mara nyingi hutiwa rangi ya methilini bluu. Kisha mtafiti huinamia hadubini na kupima umbali kutoka pale enameli inapoishia hadi ukingo wa mfupa. Umbali huo ukiongezeka, ujue mfupa umeliwa.

Kwa vipimo vya namna hiyo, mwaka 1964 Keyes na Harold Jordan, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Meno iliyoko Bethesda, Maryland, walitoa hoja nzito: kwa hamsta, maradhi haya yana sehemu inayoambukizwa. Waliwatoa wanyama hao bakteria wenye umbo la nyuzi, ambao baadaye waliitwa Actinomyces viscosus. Lawama zikahama kutoka kwenye uzee na kuangukia ukoga wa meno.

Hapo ndipo Keyes alipoingia matatani. Kama adui ni vijidudu, alihoji, kwa nini tukimbilie kisu? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 jina lake lilivuma Marekani kwa tiba ya bei ya chee: bikaboneti ya soda iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi na kusuguliwa kwenye fizi, pamoja na maji ya chumvi. Mgonjwa alionyeshwa kwa hadubini vijidudu vya kinywa chake vikichezacheza, na ikibidi alipewa tetrasaiklini. Wagonjwa walioogopa upasuaji walimshangilia. Mabingwa wengi wa fizi walimjia juu: ushahidi uko wapi?

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1987. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa, wakilinganisha mchanganyiko wa chumvi na peroksaidi dhidi ya usafi wa kawaida wa mswaki na dawa ya meno. Mchanganyiko wa Keyes haukushinda. Aliyewafundisha wenzake kupima alishindwa na vipimo. Hata hivyo, hoja yake kuu ilibaki imara: ukoga usipoondolewa, fizi haitapona.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1988 jarida la Science liliripoti kwamba nyani waliowekewa bakteria ambao sasa huitwa Porphyromonas gingivalis walipoteza mfupa. Mwaka 1994 Pamela Baker na wenzake walionyesha jambo hilohilo kwa panya wadogo walionyweshwa bakteria hao. Leo mashine ya eksirei iitwayo mikro-CT hupiga picha ya taya zima bila kuligusa.

Afrika Mashariki nayo imechangia. Tafiti za Vibeke Baelum na wenzake, Tanzania mwaka 1986 na Kenya mwaka 1988, zilikuta watu wazima wenye ukoga tele, lakini uharibifu mkubwa wa tishu zinazoshikilia jino haukumpata kila mmoja wao. Onyo kwa wanaodhani mtu ni hamsta mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwetu, wengi humwona daktari wa meno siku ya kung'olewa tu. Sayansi imejifunza kuona mfupa ukipungua kwa sehemu ya kumi ya milimita, nasi bado tunangoja jino licheze. Kuondoa uzembe huo hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji kliniki za wilaya kukagua fizi kabla ya kushika koleo.