Uamuzi Kabla ya Gari: Fikra za Kitabibu za Wauguzi katika Rufaa za Dharura za Uzazi, Kabezi, Kusini mwa Bujumbura, 2006–2011

Historia ya tiba ya dharura mara nyingi huandikwa kwa kufuata majengo, wafadhili na magari. Makala haya yanachunguza hatua inayotangulia vyote hivyo: uamuzi wa muuguzi kwamba mzazi aliye mbele yake hawezi tena kuhudumiwa pale alipo.

Mwaka 2006 ulileta mabadiliko mawili nchini Burundi. Mwezi Mei, serikali ilifuta malipo ya huduma za kujifungua na za watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mwaka huohuo, Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha kituo cha dharura za uzazi huko Kabezi, katika mkoa wa Bujumbura Vijijini, kando ya Ziwa Tanganyika. Kituo hicho kiliunganishwa na wodi 9 za wazazi zilizotegemea wauguzi. Kufutwa kwa malipo kuliondoa kikwazo kimoja. Umbali na uamuzi vilibaki. Gari halikuondoka mpaka muuguzi atoe taarifa.

Fikra ya kumkabidhi muuguzi wa pembezoni uamuzi huo ina mizizi barani Afrika. Mwaka 1972, Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia (sasa Zimbabwe), waliongeza mistari miwili katika chati ya uchungu. Mstari wa tahadhari ulimwashiria mkunga kwamba wakati wa kumpeleka mzazi hospitalini umewadia. Mstari wa hatua, saa 4 mbele yake, uliashiria kwamba tiba haingoji tena. Ubunifu huo haukuwa wa mashine. Ulikuwa wa kuigeuza shaka ya mhudumu kuwa sababu halali ya kutenda.

Takwimu za Kabezi za mwaka 2011 zinaonyesha uzito wa jambo hili. Gari liliitwa mara 1,478, na katika nusu ya rufaa mzazi alifika ndani ya dakika 78 tangu wito. Rufaa iliyozidi saa 3 ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kifo cha kichanga. Gharama ilikuwa yuro 61 kwa kila mzazi aliyesafirishwa, na watafiti walikadiria kwamba vifo vya wazazi wilayani vilipungua kwa asilimia 74.

Hata hivyo, takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kati ya wazazi 1,385 waliohamishwa, 765, sawa na asilimia 55, walikuwa na matatizo makali. Mkaguzi wa fedha anaweza kuwahesabu waliosalia kuwa safari za bure. Hoja hiyo ni dhaifu: muuguzi anayengoja uhakika huita gari akiwa amechelewa, na kumwadhibu kwa tahadhari ni kumfundisha kungoja.

Aidha, dakika 78 zinahesabiwa kuanzia wito. Muda kati ya dalili ya kwanza na wito, ambamo muuguzi hupima, hulinganisha na kuamua, haumo katika hesabu hiyo. Watunga sera wanaokusudia kupanua mitandao ya aina hii wangefaa kuagiza saa ya shaka ya kwanza na sababu yake ziandikwe katika daftari la rufaa. Bila kumbukumbu hiyo, mafanikio yataendelea kuhesabiwa kuwa ya gari peke yake, na mafunzo ya wauguzi yatakuwa ya kwanza kupunguziwa bajeti.