Kuku, Mchicha na Matofali: Historia Fupi ya Miradi ya Wanafunzi



Kamati ya mkutano wetu imeniomba niandike machache juu ya historia ya miradi ya uzalishaji mali mashuleni. Ombi hilo limekuja kwa wakati wake. Vijana wa kidato cha tatu wameleta mapendekezo manne ya biashara ndogo: kufuga kuku wa nyama, kulima bustani ya mboga, kutengeneza sabuni ya maji, na kuotesha kitalu cha miche ya matunda. Sisi wahitimu tumeahidi kutoa mtaji kwa pendekezo moja tu. Nimeyasoma yote manne, na hapana shaka yameandikwa vizuri kuliko tulivyoandika sisi zamani. Hata hivyo yote yana kasoro moja ninayoifahamu vyema, kwa maana niliwahi kuifanya kwa mkono wangu mwenyewe hapa shuleni. Kabla sijaieleza, namwomba msomaji anifuate nyuma kidogo.

Katika mwaka 1881 Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, alifungua shule katika mji mdogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama. Shule haikuwa na majengo ya maana wala fedha. Washington akaamua kwamba wanafunzi wajenge shule yao wenyewe, na kwa kuwa walihitaji matofali, basi wafyatue matofali. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na chafu. Wanafunzi walisimama kwenye shimo la udongo, matope yakiwafika magotini, na zaidi ya mmoja aliacha shule kwa sababu hiyo. Walifyatua matofali kama 25,000, wakapanga tanuru, wakalichoma, likaharibika. Tanuru la pili likaharibika pia. La tatu lilikaribia kabisa kuiva, kisha usiku likaporomoka. Walimu wakamshauri mkuu wao aachane na jambo hilo. Yeye akachukua saa yake, akaenda nayo Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi kuchoma tanuru la nne. Hilo likaiva. Saa hakuikomboa kamwe.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha uvumilivu, na ni haki yake. Lakini mimi, ambaye kazi yangu serikalini ni kukagua vitabu vya hesabu, hukitazama kwa upande mwingine. Katika mji ule hapakuwa na mtu aliyefyatua matofali, na watu waliyahitaji. Zaidi ya hayo, mteja wa kwanza alikuwa shule yenyewe. Kila tofali lililoingia ukutani lilikuwa ni fedha ambazo shule haikuzitoa. Baadaye hata Wazungu wa pale, ambao hawakuipenda sana habari ya shule ya watu weusi, walikuja kununua kwa sababu tofali lilikuwa zuri. Kama Washington angehesabu mauzo ya sokoni peke yake, na kuyaacha matofali yaliyojenga mabweni, pengine angeuona mradi wake kuwa hasara.

Habari za Tuskegee zilifika kwetu kwa njia iliyopinda. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilipendekeza elimu inayolingana na maisha ya kijijini, na mfano wa Tuskegee ulitajwa sana. Serikali ya kikoloni ililipokea wazo hilo kwa namna iliyoifaa yenyewe. Tulipewa jembe, lakini tanuru na mteja wake havikuja. Katika miaka ya 1950 shule za kati zilikuwa na mashamba, na wazazi wengi waliyachukia, wakishuku kuwa mtoto wa Mwafrika anafundishwa abaki pale pale alipo. Mzee aliyeuza mbuzi ili alipe ada hakutaka kusikia kwamba mwanawe ametwa shinda nzima akipalilia.

Hivyo Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alikuwa na kazi ya kulisafisha jembe hilo. Wengi wetu tunaikumbuka kwa shamba la shule tu. Nawaomba mkaisome tena sehemu inayohusu hesabu. Mwalimu hakusema tu kwamba shule iwe na shamba au karakana. Alieleza pia vitabu vya mapato vya shule vitakavyokuwa. Badala ya kuonyesha ruzuku ya Serikali na misaada peke yake, vionyeshe fedha za mazao yaliyouzwa, kisha thamani ya chakula kilicholimwa na kuliwa na wanafunzi, kisha thamani ya kazi yao katika ujenzi na ukarabati. Aliandika pia kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua, waone faida inavyopatikana, na wakilima vibaya wao wenyewe ndio waumie. Kwa mtu aliyekaa ofisini akisoma vitabu vya hesabu, jambo hilo la chakula kilicholiwa ndilo lenye uzito kuliko yote.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza mkazo. Shule zikatakiwa kuchangia gharama zake zenyewe, na kiwango kilichotajwa sana ni robo. Michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu ikaimarishwa katika shule za sekondari. Kilichotokea baadaye kinajulikana. Mahali pengine mashamba yalistawi. Mahali pengi robo ile iligeuka kuwa lengo la kuandikwa kwenye taarifa, wanafunzi hawakuona kitabu cha hesabu hata siku moja, na shamba likawa mahali pa kumpeleka aliyechelewa paredi. Mtu hawezi kufundishwa kwa pamoja kuwa jembe ni heshima na kuwa jembe ni adhabu.

Sasa nije hapa kwetu. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, shule yetu ilikuwa na miradi miwili. Ulikuwapo ule wa bustani bondeni, wenye mchicha, kabichi na nyanya, na ulikuwapo wa kuku 200 wa mayai, ambao vifaranga wake waliletwa mwezi Januari. Mwalimu wa EK aliniteua kuwa karani wa miradi. Nilipewa daftari kubwa lenye jalada gumu, nami nilijivunia sana. Nilichora mistari: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka.

Kuku waliingia vizuri katika mistari ile. Walipoanza kutaga, trei zilikwenda mjini kila Jumamosi na noti zikarudi. Mchicha haukuingia. Kila siku vijana wa zamu waliupeleka jikoni, mpishi akaupokea, ukaliwa na ugali, hapakuwa na shilingi iliyobadilisha mikono. Kwa hiyo ukurasa wa bustani ulikuwa na matumizi tu: mbegu, ndoo, dawa ya wadudu, jembe jipya. Mwezi Septemba nikatakiwa kuandika taarifa ya kulinganisha miradi hiyo miwili, ili shule iamue uendelezwe upi. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Nilisema bustani imekula fedha na haikuingiza hata senti, na kuku ndio mradi wenye faida. Taarifa ilisomwa paredini. Bustani ikafungwa, bomba lake likahamishiwa bandani.

Mtakumbuka, ninyi mliokuwapo, maharage matupu ya muhula uliofuata. Jiko lilianza kununua mboga sokoni, na fedha zake zilitoka katika fungu la chakula, ambalo halikuwa katika daftari langu. Lakini pigo kubwa lilikuja Desemba. Shule ilifungwa, akabaki mlinzi mmoja. Chanjo ya kideri hurudiwa kila miezi mitatu, na zamu yake iliangukia katikati ya likizo. Hakuna aliyeandika tarehe hiyo mahali ambapo mlinzi angeiona. Tuliporudi Januari tulikuta banda limefagiliwa na liko kimya. Hakuna aliyeiba kitu, na simlaumu mtu. Walimu wetu walikuwa wachache na waliamini karatasi waliyopewa. Karatasi hiyo niliiandika mimi.

Nilipofika Mlimani na kujifunza uhasibu, siku moja mhadhiri aliuliza ni kitu gani huhesabiwa kuwa mapato. Niliuona ule ukurasa wa mchicha mbele ya macho yangu.

Basi nirudi kwenye mapendekezo manne. Vijana wameorodhesha kwa kila mradi bei ya vifaa na mauzo yanayotarajiwa, wakatoa moja kwa lingine. Hiyo ni ile ile mistari yangu ya mwaka 1996. Haisemi mradi utakuwa na nani mwezi wa Juni na wa Desemba, wala haisemi shule itaacha kununua nini kutokana nao.

Kuku wa nyama ni tofauti na wale wetu wa mayai, na vijana wamefanya busara kuwachagua. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Ukinunua kifaranga Januari, yai la kwanza huja wakati mwenye kuku anafunga sanduku aende likizo. Kuku wa nyama yuko tayari kwa wiki tano au sita, kwa hiyo kundi moja au mawili huweza kuanza na kumalizika ndani ya muhula, na banda likawa tupu shule inapofungwa. Hilo ni jambo kubwa. Ila chakula chake ndicho kinachomeza fedha, nacho hupanda bei pasipo kumuuliza mtu, na kuku aliyefikisha uzito hangoji. Akicheleweshwa wiki moja bila mnunuzi anakula faida yake mwenyewe. Wauza chipsi wa mjini wapo, lakini wafugaji nao wapo, tena wengi. Vijana hawajaonyesha hata mnunuzi mmoja aliyekubali.

Sabuni ya maji ni rahisi kuitengeneza, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo, maana kila mtaa una mama anayeitengeneza. Kwa matumizi ya mabweni na bwalo inafaa, na ningependa ifanyike, ila haitabeba mtaji wote.

Kitalu cha miche kimenivutia kuliko nilivyotarajia. Katika wilaya yetu mtu anayetaka mche wa parachichi au mwembe uliobebeshwa hufunga safari ndefu. Hali hiyo inafanana na ile ya matofali ya Tuskegee. Lakini miche huuzwa mvua zinapoanza, kuelekea Desemba, nao vijana wanakuwa wanaondoka. Pia kubebesha kunataka mkono uliozoea. Mche ulioshika vibaya hufa shambani kwa mnunuzi, na yeye hasahau ameununua wapi. Ningeshauri kianze kwa viriba vichache chini ya bwana shamba, wakijifunza.

Kura yangu naipeleka bustani. Najua vijana hawatafurahi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana ya kishamba kati ya zote nne, na makadirio yao wenyewe yanaionyesha ya mwisho kwa faida. Imekuwa ya mwisho kwa sababu wamehesabu mboga watakazouza nje tu. Mteja wake mkubwa yuko bwaloni, anakula kila siku, na hana haja ya kutafutwa. Kipimo chake ni rahisi: mboga zipimwe kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi, ziandikwe kwa bei ya sokoni ya wiki hiyo, mpishi atie sahihi, na shule iulipe mradi kutoka fungu la chakula walau sehemu ya thamani hiyo. Fedha hizo zitazaa kuku na miche mwaka wa pili. Wakati wa likizo matuta yanaweza kupumzishwa, jambo ambalo huwezi kumwambia kuku.

Yapo matatizo mawili ambayo sitayaficha. La kwanza ni maji ya Septemba na Oktoba, kwani kisima cha bondeni hupungua, na sehemu ya mtaji wetu itabidi iende kwenye tangi. La pili namwelekezea mkuu wa shule kwa heshima: asitumwe mwanafunzi yeyote kulima bustani hiyo kwa adhabu, wala mara moja. Na kitabu cha hesabu kibandikwe ubaoni nje ya bwalo kila mwisho wa mwezi, hasara ikiwamo.

Kamati itakutana Ijumaa jioni, kabla ya chakula cha mkutano. Daftari la mwaka 1996 bado ninalo. Lilibaki katika sanduku langu la shule, na panya hawakulifikia. Nitakuja nalo, vijana wa kidato cha tatu wauone ukurasa wa bustani, kisha tukae nao mezani tuyapige upya makadirio yao.