Kanga ya Bibi, Mkasi na Vipande Sita

Nimekuwa kimya kidogo hapa kibarazani. Nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya bibi yangu, mama yake baba. Nawashukuru wote mlionitumia salamu za pole.

Basi bwana, baada ya dua na pilau, shangazi akatoa sanduku la marehemu. Mlikwishalikisia lililokuwemo: kanga! Doti mpya, zile ambazo hazijawahi kuguswa na maji, ziligawanywa dakika chache tu. Zikabaki chakavu, zimepauka, nyingine zimetoboka. Mtu mmoja akasema zitafaa madekio. Binamu yangu wa chuo kikuu akaja na wazo lake: "Tuzikate tushone mito ya makochi, kila mjukuu awe na kumbukumbu."

Shangazi aliruka! "Mnataka kumkalia mama yangu?"

Kimya. Binamu akarudisha mkasi mezani. Mimi nikajikuta sijui niko upande gani. Usiku ule sikulala vizuri, na mwandishi asiyelala hufanya nini? Husoma. Haya, tuanzie mbali kidogo, kisha tutarudi kwenye lile sanduku.

Kabla ya kanga kulikuwa na merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman, alisaini mkataba wa biashara na Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, kule Massachusetts, wakaja kutafuta pembe za ndovu na sandarusi, na wao wakaleta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa kikapewa jina la kwao. Kilipochovywa kwenye nili kikawa kaniki. Halafu Marekani wakaingia vitani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi.

Nani alivaa merikani na kaniki? Kwenye miji ya pwani, hasa watumwa na maskini. Nguo ilikuwa kitambulisho. Ukimwona mwanamke amejifunga kaniki moja chini ya makwapa, kichwa wazi, ulikuwa umeshajua ni wa daraja gani kabla hajafungua mdomo. Kujifunika kichwa ilikuwa alama ya waungwana.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani waliingia kwenye maduka ya vitambaa na kununua leso. Ndiyo, vile vitambaa vya mraba vya kufutia jasho. Jina lenyewe ni la Kireno. Leso zilikuja zimeungana kama jora, zikikatwa kwa idadi anayotaka mteja. Kina mama wakawa wananunua sita, wanazikata tatutatu, kisha wanaunga vipande viwili ubavu kwa ubavu. Tatu kwa mbili. Ukishashona, una nguo moja kubwa yenye maua ambayo hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kimeifikiria!

Wenye maduka hawakuwa wajinga. Walipoona mtindo umeshika, wakaagiza Ulaya nguo iliyochapwa nzima, ya ukubwa uleule. Viwanda vya Uingereza na Uholanzi vikachapa, baadaye Japani na India. Ile yenye madoadoa meupe ndiyo inayosemekana kuipa nguo jina la yule ndege, kanga. Mombasa mpaka leo wengi wanaita leso, kama vile wanakataa kusahau ilikotoka. Hukohuko Mombasa, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887, ndiye anayetajwa sana kwa kueneza kanga zenye maneno. Alama yake ilikuwa "Mali ya Abdulla". Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi tunazozisoma leo zikaja baadaye.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar akatia saini amri ya kuondoa utumwa. Fikiria wewe ni mwanamke uliyeachwa huru mwaka ule. Huna shamba, huna nyumba, hujui kusoma. Utamwonyesha nani, na kwa kitu gani, kwamba wewe si mali ya mtu tena? Wengi waliitupa kaniki, wakanunua kanga. Na kanga huuzwa doti, mbili. Moja unajifunga. Ya pili unajitanda kichwani na mabegani! Mimi siku zote nilidhani ile ya pili ni urembo tu. Kumbe kwa mama huyo ile ya pili ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Wanahistoria wetu walipenda masultani, magavana na mikataba. Wanawake hao hawakuandika kumbukumbu zao kwenye makabrasha. Walishona. Ukitaka kuwasoma, itabidi usome nguo.

Sanduku la bibi nalo lilikuwa na kurasa zake. Kulikuwa na kisutu cha harusi yake, chekundu na cheusi, kimekatika kwenye mikunjo. Kulikuwa na kanga ya kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Shangazi anaikumbuka hiyo. Ilinunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 80, bidhaa zilipoadimika, na bibi aliipangia foleni tangu alfajiri. Alimbebea baba yangu mdogo humo, ikawa shuka, ikawa pazia. Jina lake: WEMA HAUOZI.

Asubuhi nikamsimulia shangazi habari za leso sita. Akanisikiliza mpaka mwisho, akipepeta mchele. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilianza vipande."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mama aliikata pazia bila kuniuliza." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Leteni mkasi. Ila kisutu hakiguswi."

Tukapima. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. Gawa tatu kwa mbili, unapata vipande sita vya 50 kwa 55, na mto wa 45 unatoka na nafasi ya mshono inabaki. Sita! Ni hesabu ileile ya wale kina mama, tena kinyumenyume. Kitambaa kilikuwa chepesi mno, kwa hiyo shangazi alikitia bitana ya pamba nyeupe, ambayo yeye bado anaiita merikani. Palipotoboka aliweka kiraka kutoka kwenye pindo. Ndani tukajaza sufi. Cherehani aliiendesha mwenyewe, hakutaka msaada.

Jina lilikuwa fupi, likaangukia lote kwenye kipande cha katikati, chini. Hatukulipigia kura. Alipewa binamu yule wa chuo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwogesha bibi miezi ya mwisho. Na masharti ya shangazi ni haya: mto wa bibi ni wa kuegemea mgongo na kulaza kichwa. Anayeukalia anarudisha!

Wangu uko hapa Dar, nyuma ya mgongo wangu ninapoandika. Una alama ya chai ambayo hatujui ni ya mwaka gani, na shangazi alikataa isifuliwe.

Nyumbani kwenu je, sanduku liko wapi? Kabla hujaigeuza kanga ya mama yako dekio, kaa naye umuulize aliipata wapi, na aliivaa siku gani. Muulize angali anaweza kukujibu. Mimi kwa ile yenye alama ya chai nimechelewa.

Tuonane tena hapa kibarazani.