Sahihi ya Tingatinga

Kwa Waswahili wengi tingatinga ni trekta. Lakini huku Oysterbay, Dar es Salaam, ninakochora na kuuza picha kwa zaidi ya miaka 20, mgeni akiniuliza maana ya neno hilo humwambia kwamba lilikuwa jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha.

Alianza kuchora mwaka 1968 hivi. Turubai hakuwa nayo. Alichukua vipande vya mbao nyembamba za dari, mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi za baiskeli, zile zinazong'aa zikikauka. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekaa nje ya duka la Morogoro Stores akiwauzia wageni. Kazi ilipozidi, Edward akawafundisha ndugu na jamaa: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo. Walijifunza kwa kukaa kando yake na kutazama mkono.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanagenzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama cha ushirika chenye jina lake. Jina hilo limetulisha. Limesomesha watoto wangu. Lakini mgeni hununua "Tingatinga" akaondoka bila kusoma sahihi iliyo pembeni. Mpata na Linda wanajulikana na wachache. Agatha hana hata sahihi ya kusomwa. Na wapo walioghushi sahihi ya marehemu, kwa kuwa soko limezoea kulipia jina kabla ya kuitazama picha.

Siku hizi vijana huitwa kwenye semina wakaambiwa wajijengee jina: chagua kitu kimoja, ujulikane kwacho, usikiache. Njia hiyo nimeipita. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka picha nje alipenda twiga wangu wenye shingo zilizosukana, akanitaka nisichore kingine. Miaka minane nilichora twiga. Mkono ulizoea hata nikawa namaliza shingo nzima huku nazungumza na mteja.

Mwaka wa tisa nilichora pantoni la Kigamboni saa kumi na mbili jioni: wauza samaki na ndoo zao tupu, mwanafunzi anayesinzia wima, mama aliyeshika viatu mkononi. Ilinichukua wiki tatu. Yule bwana aliitazama, akasema, "Hii siyo wewe."

Sijasahau. Mtu asiyepajua hata nyumbani kwangu alikuwa ananieleza mimi ni nani, na mamlaka hayo nilikuwa nimempa mwenyewe, twiga baada ya twiga. Haukupita muda, vijana wa vibanda vya jirani wakawa wanatoa twiga walewale kwa nusu ya bei, naye akahamia kwao. Nilibaki na jina lisilo na mnunuzi na mkono uliosahau kutafuta.

Ndipo nilipoanza kumfikiria Tingatinga kwa namna nyingine. Alikufa na miaka 40. Akiwa na 50 angechora nini? Soko halikuuliza. Liliichukua miaka yake minne, likaifanya kipimo cha sisi wote tuliokuja nyuma yake. Jina likishakuwa bidhaa, hukulinda kwa yale uliyokwisha kufanya, na kukunyima yale ambayo hujayajua bado. Wazee walisema chema chajiuza. Mimi naongeza kwamba chema hiki kilikuwa na muuzaji aliyekaa juani, na wanafunzi waliokibeba mwenye jina alipoondoka.

Kijana akija kwangu kujifunza, simuulizi anataka kujulikana kwa nini. Namwambia achore mtaa wake, kisha mtaa wa pili, akosee, abadilike. Na picha ikiwa tayari, tunaigeuza. Nyuma ya ubao, kwa kalamu, tunaandika majina yote: aliyepaka rangi ya chini, aliyechora, aliyetia madoa. Mgeni asiposoma leo, ubao utamngoja.